Maneno ya Mwisho ya Kuazima

Mliosoma wiki iliyopita najua mmeninyima salamu. Msomaji mmoja ameniandikia barua ya mstari mmoja: "Kopi, huna haya." Nimeibandika ukutani dukani kwangu, juu ya mashine. Ila amekosea kitu kimoja. Haya ninayo, na ndiyo inayonikalisha hapa kila wiki niyaandike haya kwa mkono wangu.

Waliojiunga leo niwaambie kwa kifupi.

Mimi ni mchapaji. Nina duka dogo la kutoa kopi mkabala na hospitali, na kazi inayonipa jina ni vijitabu vya ibada za mazishi. Mtaa mzima unaniita Kopi. Mama yetu aliugua kifua miezi mitano. Aliyemuuguza ni dada yangu mkubwa, fundi cherehani. Kwanza nyumbani, kisha wodini wiki tatu. Jumanne ile aliniomba kitu kimoja tu. Nimpokee zamu kuanzia saa nane mchana, naye akaoge na kujinyoosha kidogo.

Saa tisa simu yangu ikalia. Binti wa mwalimu mmoja mstaafu, marehemu, alikuwa anataka kijitabu cha baba yake. Mama alikuwa amefumba macho. Nikatoka, nikajiambia dakika ishirini. Mashine ikatafuna karatasi. Niliporudi, saa kumi na moja, kitanda cha Mama kilikuwa kimezungushiwa pazia.

Dada alikuja mbio, kitambaa cha kuogea bado kiko begani. Hakuuliza kama amekufa. Aliuliza, "Alikuwa peke yake?"

Nikamjibu, "Hapana, dada. Nilimshika mkono mpaka mwisho."

Hapo ndipo nilipowaachia. Sasa sikilizeni uongo huo ulivyoota miguu.

Jumatano asubuhi tulikaa kikao sebuleni kwa Mama. Mwenyekiti alikuwa Mjomba, mdogo wake Mama. Ameendesha malori maisha yake yote, na mpaka leo anaongea kama mtu aliyeacha injini inanguruma. Alikuwa na daftari magotini na kalamu sikioni.

"Jeneza ni mimi," akasema. "Gari ni mimi. Viti na hema, majirani wameshajitolea. Mavazi ya marehemu?"

"Mimi," akasema Dada. Alikuwa pembeni, anafumua pindo la gauni la kijani la Mama. "Hili alilichagua mwenyewe. Ila amepungua sana. Lazima nilipunguze, lisije likamwogelea."

"Kijitabu cha ibada?"

Watu wakacheka kidogo, cheko la msibani, la kupumzisha macho. Nani mwingine?

Ndugu wasomaji, hapa inabidi niwape siri ya kazi yangu, msije mkashindwa kuelewa nilichokifanya. Sisi wachapaji hatuandiki kitabu kipya. Tunafungua faili la marehemu wa mwisho, tunabadilisha jina, tunabadilisha picha, tunabadilisha tarehe, basi. Ndiyo maana marehemu wote waliopitia kwangu walikuwa wachangamfu, wapenda watu, na wote wameacha pengo lisilozibika. Kuna mzee mmoja nilimchapia kwamba ameacha mume na watoto sita, kwa kuwa faili lilikuwa la mama mmoja wa mtaa wa pili. Familia ile ililia na kucheka kwa pamoja.

Lakini kitu kilichoniletea wateja kutoka mbali ni ile kava ya nyuma. Mimi naweka kisanduku chenye mstari wa kijivu kuzunguka, na ndani yake: Maneno yake ya mwisho. Watu wanakipenda. Wanakikata kwa mkasi na kukitia kwenye fremu.

Mjomba alikuwa anakijua.

"Halafu nyuma kabisa," akasema, akainua kalamu, "kile kisanduku chako. Tena hiki cha safari hii hatuhitaji kumwuliza mtu. Wewe ulikuwepo. Dada yangu alisema nini?"

Sindano ya Dada ikasimama hewani.

Nilikuwa na nafasi ya kusema hakusema kitu. Watu wengi hufa kimya, hata mimi mchapaji nalijua hilo, maana kisanduku kimoja kati ya viwili nakijaza kwa kuwabembeleza wafiwa wakumbuke. Lakini macho yote yalikuwa usoni kwangu, na macho ya Dada yalikuwa yanaomba. Nikafungua mdomo, na yaliyotoka hayakuwa yangu.

"Alisema: Fungueni dirisha, niwasikie watoto wakitoka shule."

Maneno matamu. Nilikuwa nimeyachapa jana yake, mara mia mbili, nikiwa nimekaa dukani wakati Mama anakata roho. Yalikuwa maneno ya yule mwalimu mstaafu.

"Dirisha lipi?" akauliza Dada.

"La wodini."

"Lile limepigiliwa misumari."

"Nililisukuma."

"Likafunguka?"

"Kidogo."

"Nimeshindana na lile dirisha wiki tatu, mdogo wangu. Hata mlinzi wa hospitali..."

"We binti!" Mjomba akafoka. "Mama yako anakata roho, wewe unahesabu misumari!"

Kisha akafanya kitu ambacho sikuwahi kumwona anafanya tangu nizaliwe. Alilia. Alilia kwa sauti, mabega yanaruka, daftari likaanguka. Maana Mama, niwaeleze, alikuwa mpishi wa shule. Miaka ishirini na minane alipika katika shule ile iliyo nyuma ya nyumba yetu, na hakuna mtoto wa mtaa huu ambaye hakula kwa mwiko wake. Maneno ya mwalimu yalimkaa Mama kama gauni lililoshonwa na Dada.

"Huyo ndiye dada yangu," Mjomba akasema, anapangusa pua kwa kiganja. "Anakufa, anawaza watoto wa watu. Sasa sikilizeni. Ibada haifanyiki hapa. Ibada ni uwanjani shuleni. Watoto waimbe. Na madirisha ya madarasa yote yafunguliwe!"

"Yote?" mtu akauliza.

"Yote! Si amesema mwenyewe?"

Akaandika. Nikamwona anaandika, na kila herufi iliyotoka kwenye kalamu ile ilinichoma. Dada alirudi kwenye pindo lake. Hakuniangalia tena kikao kizima.

Alhamisi Mjomba alishazungumza na mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu alikubali kabla Mjomba hajamaliza sentensi. Mchana nilipita shuleni kupima mahali pa kuweka meza ya vijitabu. Nilikuta darasa la nne wanajifunza wimbo. Walikuwa wanarudia kiitikio kile kile, kwa sababu upande wa kushoto ulikuwa unawahi.

Mlinzi wa shule alikuwa juu ya ngazi, ana kopo la mafuta na bisibisi, anahangaika na bawaba za dirisha.

"Pole sana, Kopi," akasema kutoka kule juu. "Mengine hayajafunguliwa miaka kumi, yameota kutu. Lakini kwa ajili ya mama yetu yatafunguka tu. Nimebakiza sita."

"Usijichoshe, mzee," nikamwambia.

"Kujichosha? Yule mama alinipa chakula kila siku ya Mungu, na hata siku moja hakunipa ukoko. Acha nijichoshe."

Nikaondoka bila kupima kitu. Njia nzima nilitamani ardhi ipasuke.

Mtaniuliza: Kopi, si ungefuta tu? Si ungesema umekosea? Nilijaribu, wallahi. Jioni ile nilimfuata Mjomba nikamwambia labda tubadilishe, tuweke mstari mwingine, hata wa maandiko. Akanikumbatia. Akasema, "Najua unaona aibu kwa kuwa ulikuwa peke yako naye. Usione aibu. Umepewa heshima ambayo mimi sikupewa." Niambieni, mtu unamjibu nini mtu kama huyo?

Ijumaa saa sita mchana nilikuwa dukani. Kijitabu kilikuwa tayari kwenye kompyuta, picha ya Mama iko juu, kisanduku kiko nyuma, karatasi za kung'aa ziko kwenye trei. Nilichobakiza ni kubonyeza. Mlango ukafunguka, akaingia mchungaji.

Alikuwa ndiye mchungaji wa mazishi yetu ya kesho. Alikuwa pia ndiye mchungaji aliyemzika mwalimu mstaafu siku ya Alhamisi. Mnauliza kama sikulijua hilo? Jina lake nililiandika mwenyewe kwenye vijitabu vyote viwili. Nililijua kama mtu anavyojua kwamba jino linauma, na bado anatafunia upande uleule.

"Pole na kazi," akasema. "Nimekuja kuisoma ibada ya mama kabla hujaichapa. Napenda kujiandaa."

Nikamgeuzia kioo cha kompyuta. Nilikuwa na tumaini moja tu, kwamba mchungaji ni mzee, anazika wengi, hawezi kukumbuka.

Akasoma taratibu. Akafika kava ya nyuma. Akavua miwani, akaipangusa kwa tai, akaivaa tena. Kisha akafungua Biblia yake, akachomoa kijitabu kilichokunjwa katikati, akakiweka mezani kando ya kompyuta. Picha ya mwalimu ikanitazama.

"Nisomee hiki," akasema.

"Mchungaji..."

"Nisomee."

"Fungueni dirisha, niwasikie watoto wakitoka shule."

"Sasa nisomee hicho cha mama yako."

Sikusoma. Kulikuwa na haja gani?

"Inawezekana watu wawili wakasema kitu kimoja," nikasema. Nilijisikia mwenyewe ninavyosema, na nilijichukia.

"Inawezekana. Hata koma ikakaa palepale, inawezekana." Alikaa kwenye kiti cha wateja. "Lakini mwalimu nilikuwa naye mimi, ndugu yangu. Dirisha lile la chumbani kwake nililifungua kwa mkono huu."

Nikashika uongo wa mwisho uliokuwa karibu, ule wa kazini. "Basi faili zimechanganyika, mchungaji. Hutokea. Ni kosa la mashine."

"Ooh!" Uso wake ukafunguka, na huo ndio uliokuwa mwiba zaidi, maana aliniamini. "Kumbe! Basi hakuna neno. Futa, andika aliyoyasema mama. Nakusubiri."

Nikafuta. Kisanduku kikabaki kitupu, kile kijiti cheusi cha kompyuta kinapepesa ndani yake, kinapotea, kinarudi. Nikaweka vidole kwenye vibonye. Nje muuza magazeti alikuwa anabishana na mtu.

"Alisema nini?" mchungaji akauliza kwa upole.

"Sijui."

Ndilo neno la kwanza la kweli lililonitoka tangu Jumanne. Lilitoka na sauti ambayo sikuitambua.

"Hujui vipi? Si ulikuwa naye?"

"Sikuwepo."

"Ulikuwa wapi?"

Nikagonga kiti nilichokalia. "Hapa. Nachapa hicho ulichokishika."

Nilitegemea anikemee. Kwa kweli nilitaka anikemee, ningepata pa kupumulia. Aliangalia picha ya mwalimu, akaangalia ya Mama, akakirudisha kijitabu chake ndani ya Biblia kwa uangalifu kama mtu anayerudisha mtoto kitandani.

"Ulishindwa kumwambia mteja asubiri?" akauliza mwishoni.

Hapo, wasomaji wangu, nilimwambia jambo ambalo hata wiki iliyopita niliwaficha ninyi. Nilimwambia kwamba simu ile ilipolia, nilifurahi. Binti wa mwalimu hakunilazimisha. Alisema hata kesho inafaa. Mimi ndiye niliyesema nakuja sasa hivi. Nilikuwa nimekaa saa nzima nasikiliza kifua cha Mama kinavyovuta pumzi na kuikosa, na nilikuwa natafuta mlango. Simu ilikuwa mlango.

Mchungaji akainuka. "Mimi si mtu wa kuambiwa hayo."

"Najua."

"Nenda kwa dada yako. Saa kumi na moja nitapita hapo nyumbani kuchukua kijitabu. Ukiwa umemwambia, kisanduku kikiwa kitupu nitakisoma kitupu, nitasimama na wewe. Ukiwa hujamwambia, maneno ya mwalimu mimi siyasomi mbele ya jeneza la mama yako. Na mjomba wako akiniuliza kwa nini, sitamdanganya."

Nikafunga duka. Ilikuwa saa saba na nusu.

Dada alikuwa chumbani kwa Mama, anapiga pasi. Meza ilikuwa imetandikwa blanketi la zamani, gauni la kijani liko juu yake. Mlango wa chumba kile unatazamana na mlango wa nje, na katikati ni ukumbi mwembamba tu.

"Limekaaje?" akauliza bila kugeuka. "Nimelipunguza sentimita sita kila upande. Sita, mdogo wangu. Mama yetu alikuwa amebaki nusu."

"Limependeza."

"Kola ndiyo inanisumbua. Alikuwa hapendi kola yenye mkunjo."

Nikasimama mlangoni. Nilikuwa nimejipangia maneno njiani, tangu dukani mpaka getini. Nilikuwa nimeyasema kwa sauti hadi mama mmoja wa sokoni akanigeukia. Nikavuta pumzi.

"Dada, nina neno nataka kukwambia."

"Hata mimi ninalo. Nianze mimi." Akaisimamisha pasi kwa kisigino chake. "Nataka nikuombe radhi."

"Radhi ya nini?"

"Ya siku ile kwenye kikao. Dirisha." Alikuwa anaongea huku anaichezea kola kwa vidole. "Nilikuumbua mbele za watu. Unajua, miezi yote mitano nilikuwa naogopa kitu kimoja tu. Sikuwa naogopa Mama kufa, alikuwa amechoka, nami nilikuwa nimechoka. Nilikuwa naogopa afe nikiwa nimekwenda chooni. Afe nikiwa naosha vyombo. Afe peke yake, kama mtu asiye na watu wake. Nilikuwa nakojoa mbio, mdogo wangu, nakuambia kweli."

Akacheka. Mimi sikuweza.

"Halafu ukanambia ulimshika mkono. Tangu siku hiyo nalala. Nafumba macho nauona mkono wako umeushika wake, nalala."

"Dada..."

"Ngoja, nimalize. Lile dirisha halifunguki. Mimi najua halifunguki. Lakini nikasema, labda siku ile lilifunguka. Nilitaka lifunguke. Kwa hiyo la dirisha mimi sikuulizi tena, hata kama umelipamba kidogo, ndiyo kazi yenu nyie wachapaji. Nakuuliza moja tu, na ukinijibu sitarudia mpaka nakufa." Akaniangalia machoni kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. "Mkono uliushika?"

Ningeweza kusema ndiyo, nikamwachia usingizi wake. Ningeweza kusema hapana, nikajitua mzigo wangu na kumtwisha yeye. Nilijua kipi ni cha kweli na sikujua kipi ni cha huruma, na aibu yangu kubwa ni kwamba hata wakati ule nilikuwa nahesabu kipi kitaniacha mimi nikiwa mzima.

Mlango wa nje ukagongwa.

"Kafungue," akasema Dada, akashika pasi. "Halafu urudi unijibu."

Nilikwenda kufungua kwa furaha. Ndiyo, tena. Mlango mwingine umeniita, nikaukimbilia.

Kizingitini alisimama mwanamke mwenye umri wa Mama, mguu mmoja umefungwa plasta hadi gotini, ana magongo mawili na mfuko wa nailoni unaning'inia kwenye kidole. Nilimjua mara moja. Alikuwa mgonjwa wa kitanda cha dirishani, kilichokuwa kinapakana na kitanda cha Mama.

"Wameniruhusu leo," akasema, anahema. "Nikasema siendi kwangu kabla sijafika hapa. Hii ni shali yake, ilibaki kwangu. Pole, mwanangu."

"Asante, mama. Dada yangu yupo ndani, ngoja..."

"Usimwite kwanza." Akaegemea fremu ya mlango, akashusha sauti. "Nilitaka kuanza na wewe. Wewe ndiye uliyevua viatu."

"Viatu?"

"Jumanne. Ulivua viatu ukavishika mkononi, ukatoka kwa ncha za vidole. Nilikuona."

Nikashika ukuta.

"Alikuwa amelala," nikasema. "Sikutaka kumwamsha."

"Hakuwa amelala, mwanangu. Ulipopita tu mlango alifumbua macho. Akaniuliza, 'Ameenda?' Nikamwambia ameenda. Akasema, 'Afadhali. Huyu toka mdogo hawezi kumwona mtu anaumwa, nilikuwa namhurumia alivyokuwa anautazama mlango.' Akacheka kidogo, akakohoa."

Mama alifumba macho ili niende. Kumbe kwa Mama nilikuwa kioo, ananiona mpaka ndani.

"Kama saa kumi pumzi ikaanza kumkataa. Niliita muuguzi, walikuwa wanabadilishana zamu. Nikajikokota na huu mguu mpaka kitandani kwake, nikamshika mkono. Hakuwa peke yake. Nataka ulijue hilo. Nilikuwepo mimi."

"Alisema kitu?" Nilisikia sauti yangu kwa mbali. "Mama, tafadhali. Alisema chochote?"

"Ndicho kilichonileta." Akaangalia nyuma yangu, ndani ya ukumbi, kisha akanisogelea mpaka nikanusa dawa za hospitali kwenye nguo zake. "Alisema, 'Binti yangu akiuliza, mwambie mdogo wake alikuwa hapa. Mwambie alinishika. Akijua hakuwepo hatamsamehe, na mimi sitakuwepo kuwapatanisha.' Akanibana vidole. Basi, hakusema tena."

"Hayo ndiyo ya mwisho?"

"Hayo ndiyo."

Nimekuwa mchapaji miaka kumi na mitano. Nimechapa maneno ya mwisho ya watu wasio na idadi, mengi nimeyanyoosha, mengine nimeyatunga. Na hayo ya mama yangu mwenyewe hakuna kisanduku duniani ambacho ningeweza kuyatia. Alitumia pumzi ya mwisho kunifunika. Nami, bila kuambiwa, nilikuwa nimeshajifunika mwenyewe kwa maneno ya mtu mwingine.

"Ni uongo, najua," akasema yule mama. "Mimi si mtu wa uongo, na dada yako alinilisha wiki tatu kwa mkono wake, kumdanganya kunaniuma. Lakini nilimwahidi mtu anayekata roho. Kwa hiyo naingia ndani, namwambia ulikuwepo, halafu naenda zangu nyumbani." Akayapanga magongo yake vizuri. "Ila tuelewane kabla, tusije tukapishana mbele yake. Wewe ulikaa upande gani wa kitanda? Kushoto au kulia?"

Hapo ndipo nilipoinusa. Harufu ya kitambaa kinachoungua.

Dada yangu amepiga pasi miaka ishirini. Sijawahi, hata siku moja, kumwona ameiacha pasi juu ya nguo.

Nikageuka. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba, mikono mitupu, inaning'inia. Nyuma yake, juu ya meza, uzi wa moshi ulikuwa unapanda kutoka kwenye gauni la kijani, na hakuwa na haraka ya kulitazama.

"Mjibu mgeni," akasema. "Ulikaa upande gani?"